Albamu ya kwanza ughaibuni: Kwa nini Oryema alisubiri miaka 13

KIJANA anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe huko Murusagamba, wilayani Ngara, mkoani Kagera, yuko karibu zaidi na Bujumbura na Kigali kuliko Dar es Salaam. Kihangaza kinachozungumzwa katika wilaya hiyo kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, na mipaka ya nchi mbili iko jirani kuliko studio kubwa za jiji. Si ajabu basi kijana wa aina hiyo akaanza kuota kwamba albamu yake ya kwanza itatengenezwa nje ya nchi, tena mbali zaidi ya majirani, Ulaya au Amerika.

Ndoto hiyo si yake peke yake. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaamini kwamba msanii akishapanda ndege na kuingia katika studio yenye mitambo ya kisasa, kazi imekwisha. Katika simulizi za vijiweni, safari hiyo huchukua miezi michache, na mwisho wake ni kurudi nyumbani akiwa nyota.

Kumbukumbu za waliotangulia zinaonyesha jambo tofauti kabisa.

Ayub Ogada wa Kenya alikwenda Uingereza mwaka 1986, na albamu yake ya kwanza ya peke yake ikatoka mwaka 1993. Khadja Nin, Mrundi aliyejipatia umaarufu kwa nyimbo za Kiswahili, alihamia Ubelgiji mwaka 1980 na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka 1991. Corneille, kijana aliyekulia Rwanda, alifika Montreal, Kanada, mwaka 1997, na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka 2002. Geoffrey Oryema wa Uganda aliikimbia nchi yake mwaka 1977 na kuishia Ufaransa. Albamu yake ya kwanza, Exile, yaani Uhamisho, ilitoka mwaka 1990.

Kwa hesabu ya haraka, hiyo ni miaka saba, miaka 11, miaka mitano na miaka 13. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyepungukiwa na kipaji. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: Walikuwa wakisubiri nini?

Jibu, kama linavyojitokeza katika maisha yao, ni kwamba kurekodi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Miaka mingi huishia katika mambo yanayotangulia studio: kupata mahali pa kuishi na riziki, kujua nyimbo hizo anaimbiwa nani, na kumpata mtu wa kuzitoa kwa masharti ambayo msanii hatayajutia baadaye. Kisa cha Oryema kinaonyesha mambo hayo yote kwa pamoja.

NANGA YA BABA

Oryema alizaliwa Soroti, mashariki mwa Uganda, Aprili 1953, katika familia ya Kiacholi yenye asili ya Anaka, kaskazini mwa nchi hiyo. Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Idi Amin.

Baba huyo ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga nanga. Wakazi wa Bukoba hawahitaji kuelezwa nanga ni nini, kwani Wahaya nao wamekitumia chombo hicho cha nyuzi kwa vizazi vingi kusimulia habari za watawala na mashujaa wao. Mbali na nanga, kijana huyo alijifunza filimbi na lukeme, chombo cha vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambacho ni ndugu wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma.

Hata hivyo, mapenzi yake ya ujanani yalikuwa katika maigizo. Alisomea sanaa za maonyesho jijini Kampala, na katika miaka ya 1970 alianzisha kundi la tamthiliya. Kama mambo yangekwenda kwa utulivu, huenda Uganda ingempata mwandishi na mwigizaji wa jukwaani, na jina lake lisingevuka mipaka kwa njia ya muziki.

Mambo hayakwenda hivyo. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, pamoja na mawaziri wawili, Charles Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema, waliuawa mikononi mwa utawala wa Amin. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari. Ndani na nje ya Uganda, wachache waliisadiki taarifa hiyo.

Geoffrey Oryema alikuwa na umri wa miaka 23. Alivushwa mpaka hadi Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari, na kutoka huko akaelekea Ufaransa.

Ni muhimu kuliangalia jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo linalomtofautisha na msanii anayealikwa. Msanii aliyealikwa hupokelewa na mwenyeji, huwa na ratiba ya maonyesho na tiketi ya kurudia. Mkimbizi huanza na foleni ya vibali, chumba cha kupanga na lugha asiyoijua. Muziki humngoja mpaka mambo hayo yapate ufumbuzi, na wakati mwingine hayapati ufumbuzi kwa miaka.

Utawala wa Amin ulianguka Aprili 1979, kufuatia vita ambavyo wakazi wa Kagera wanavikumbuka kuliko Watanzania wengine wote, kwani vilianzia katika ardhi yao mwaka 1978. Kwa wengi waliokimbia, kuanguka kwa Amin kungeweza kuwa mwanzo wa safari ya kurudi. Lakini Uganda iliendelea kuyumba, na kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980 kaskazini, nyumbani kwa Waacholi, kukazuka vita vingine vilivyodumu takriban miaka 20. Oryema akabaki Ufaransa.

KAPU LENYE JINA MOJA

Wakati Oryema akiishi Ufaransa, soko la muziki wa Ulaya lilikuwa likibadilika. Mwaka 1982 mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel, na wenzake waliandaa kwa mara ya kwanza tamasha la WOMAD, lililokusudiwa kuwakutanisha wanamuziki wa mabara mbalimbali. Tamasha hilo la kwanza liliingiza hasara kubwa kiasi kwamba Gabriel alilazimika kuungana tena na wenzake wa zamani wa kundi la Genesis kwa onyesho moja ili kulipa madeni.

Mwaka 1987, wamiliki wa kampuni ndogo za kurekodi walikutana London kujadili tatizo la kibiashara. Maduka ya santuri hayakujua yaweke wapi kazi za wanamuziki wa Mali, Zaire, Pakistan au Bulgaria. Makubaliano yalikuwa kuziweka zote katika rafu moja na kuipa rafu hiyo jina la "muziki wa dunia".

Uamuzi huo uliwafungulia mlango wasanii wengi. Mwaka 1989 Gabriel alianzisha kampuni ya Real World, ambayo studio zake ziko katika kijiji cha Box, kusini magharibi mwa Uingereza. Miongoni mwa waliorekodiwa mapema kabisa alikuwa Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila kutoka Dar es Salaam, ambao albamu yao ya Songs for the Poor Man ilitoka mwaka huohuo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Oryema.

Lakini mlango huo ulikuwa na kizingiti. Msanii aliyewekwa katika rafu hiyo alitarajiwa kusikika kama anayetoka mbali. Akipiga gitaa kama wapigavyo vijana wa Paris au London, mnunuzi angeuliza Uafrika wake uko wapi. Akipiga nanga kama alivyofundishwa na baba yake, bila kuongeza chochote, kazi yake ingeweza kuchukuliwa kuwa kumbukumbu ya makumbusho. Kati ya hofu hizo mbili ndipo msanii mgeni anapotakiwa kujitafutia sauti yake.

Katika Exile, kazi ya utayarishaji ilifanywa na Brian Eno, mmoja wa watayarishaji wa muziki wenye majina makubwa nchini Uingereza, na Gabriel mwenyewe aliimba katika sehemu ya waitikiaji. Matokeo yake ni albamu tulivu. Nanga na lukeme vinasikika kwa karibu, vinanda vya kisasa vimewekwa nyuma kama ukungu, na sauti ya Oryema inapanda na kushuka juu yake. Wimbo mmoja unaitaja Anaka, kijiji cha mababu zake. Jina la albamu lenyewe halikuficha kitu.

Yapo ya kujifunza hapo. Mtayarishaji mwenye jina kubwa anaweza kummeza msanii mchanga, hasa yule asiye na fedha za kumwambia hapana. Oryema aliingia studio akiwa mtu mzima, akijua anachotaka kusema. Miaka 13 ya kusubiri, pamoja na machungu yake, ilimfanya awe mtu asiyemezeka kirahisi. Angeingia studio hiyohiyo akiwa na miaka 23, huenda kazi ingekuwa ya mtayarishaji zaidi kuliko yake.

LUGHA YA KUIMBIA

Tatizo la pili linalomkabili mtunzi anayeimba ughaibuni ni lugha. Mpiga ngoma anaweza kueleweka popote, lakini mtunzi wa mashairi anategemea maneno, na nguvu ya maneno iko kwa wanaoyaelewa.

Oryema alichagua kuimba sehemu kubwa ya nyimbo zake kwa Kiacholi, huku akitumia pia Kiswahili na Kiingereza. Kwa hadhira ya Ufaransa, Kiacholi kilikuwa sauti tu, na wengi walimpenda bila kujua anasema nini. Mmoja wa nyimbo za albamu hiyo, Ye Ye Ye, ulitumika kufungulia kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa, na hivyo sauti yake ikaingia katika nyumba za watu wasiojua hata neno moja la lugha yake. Wakati huohuo, wale ambao wangeelewa kila neno walikuwa kaskazini mwa Uganda, katikati ya vita, ambako albamu ya kampuni ya Uingereza haikuwa kitu cha kupatikana dukani.

Khadja Nin alikuwa na bahati ya kuwa na Kiswahili, lugha inayosikika kuanzia Kigoma hadi Lamu na kuanzia Bukavu hadi Unguja. Kwa sababu hiyo, kazi alizotengeneza Ulaya zilipata wasikilizaji huku nyumbani, na wimbo wake wa Sambolera wa mwaka 1996 ulichezwa katika redio nyingi za ukanda huu. Msanii huyohuyo angeimba Kirundi peke yake, huenda watu wa Brussels wasingeona tofauti, lakini watu wa Mombasa wangeiona.

Hii haina maana kwamba lugha za makabila hazina soko. Saida Karoli wa Bukoba alithibitisha mapema miaka ya 2000, kwa albamu ya Maria Salome, kwamba nyimbo za Kihaya zinaweza kuwachezesha Watanzania wasiojua Kihaya. Lakini Saida alikuwa ndani ya nchi yake. Watu walimwona akicheza, waliitambua ngoma yake, na kama hawakuelewa neno walimuuliza Mhaya aliyekaa jirani. Ughaibuni hakuna jirani wa kumuuliza.

Kwa Corneille, suala la lugha lilifungamana na suala zito zaidi, yaani namna ya kusema yasiyosemeka. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1977, akakulia Rwanda. Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 17, familia yake iliuawa nyumbani kwao, naye akanusurika kwa kujificha nyuma ya kochi. Alitembea hadi Zaire, kisha akapokewa Ujerumani na marafiki wa wazazi wake.

Wakazi wa Ngara wana kumbukumbu yao ya siku hizo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24, na kambi ya Benako ikageuka mji kwa usiku mmoja. Mwaka uliofuata ilianzishwa Radio Kwizera wilayani humo kwa ajili ya wakimbizi, jina lake likiwa na maana ya matumaini. Katika kambi hizo, kama katika kambi nyingine zote duniani, walikuwamo watunzi na waimbaji ambao majina yao hayakufika katika jalada la albamu yoyote.

Corneille alifika. Baada ya kuhamia Montreal kwa masomo ya chuo kikuu, alianza na kundi la vijana watatu lililoimba muziki wa R&B, muziki wa mapenzi na burudani. Ni pale alipojitenga na kutengeneza albamu yake mwenyewe, miaka minane baada ya mauaji, ndipo aliporuhusu maisha yake yaingie katika nyimbo. Albamu hiyo, ambayo jina lake la Kifaransa lina maana ya "Kwa sababu tunatoka mbali", ilipendwa Kanada na kisha Ufaransa. Wengi walioicheza kwenye sherehe hawakujua kwanza kwamba aliyekuwa akiimba ni yatima.

FEDHA NA MKATABA

Tatizo la tatu halina ushairi ndani yake, lakini ndilo linalowaangusha wengi. Vijana wengi huamini kwamba kampuni ikitoa fedha za kurekodi, hizo ni zawadi au mshahara. Kwa kawaida sivyo. Fedha hizo ni malipo ya awali, na hukatwa katika mgawo wa msanii kabla hajaanza kulipwa.

Chukua mfano rahisi. Kampuni inampa msanii Euro 20,000, na mkataba unasema atapata asilimia 10 ya bei ya jumla ya kila nakala. Kama bei hiyo ni Euro 8, mgawo wake ni senti 80 kwa nakala. Ili deni liishe, zinahitajika kuuzwa nakala 25,000. Akiuza nakala 24,000, ambazo kwa msanii mgeni ni nyingi mno, bado anadaiwa. Anaweza kusikika redioni na kupigiwa makofi kwenye matamasha huku mfukoni hana nauli.

Mkataba huwa na vifungu vingine vinavyopaswa kusomwa na mtu anayevijua. Kuna swali la nani anamiliki rekodi yenyewe, na kwa miaka mingapi. Kuna swali la nani anamiliki utunzi, yaani maneno na melodia, ambavyo ni mali tofauti na rekodi. Kuna swali la albamu ngapi msanii amejifunga kutengeneza, na nini kitatokea kampuni ikikataa kuitoa kazi iliyokwisha kurekodiwa.

Tofauti kati ya rekodi na utunzi inaweza kuonekana ndogo leo na kuwa kubwa baada ya miaka. Kothbiro, mmoja wa nyimbo za albamu ya Ogada ya mwaka 1993, ulikuja kutumika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, miaka 12 baadaye. Wimbo unapopata maisha ya pili kwa namna hiyo, fedha huenda kwa yule ambaye karatasi zinamtambua. Mtunzi aliyeuza haki zake zote kwa malipo ya mara moja hubaki mtazamaji kama watazamaji wengine.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ambayo inamlinda mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika nchi za Ulaya ulinzi huo ni wa miaka 70 baada ya kifo. Kijana anayesajili nyimbo zake kabla ya kusafiri huenda akiwa na ushahidi mkononi. Anayesafiri na nyimbo kichwani tu, akazirekodi kwanza ugenini, hutegemea uaminifu wa anaokutana nao.

KUKOSA NYUMBANI

Lipo jambo la nne ambalo halipimiki kwa fedha wala kwa miaka. Msanii hutengeneza kazi yake akiwa na watu: wapiga vyombo waliomzoea, rafiki anayemwambia wimbo huu haufai, na umati wa Jumamosi unaoamua kabla ya mtu yeyote kama wimbo mpya unachezeka. Ughaibuni mambo hayo hayapo, na lazima yajengwe upya.

Remmy Ongala alipokwenda kurekodi Uingereza, alikwenda na bendi. Nyimbo zilikuwa zimekwisha kupimwa katika kumbi za Dar es Salaam, na kazi ilipokwisha alirudi Sinza, mahali ambapo mpaka leo kituo kinaitwa Kwa Remmy. Naye alikuwa amehama, kwani alizaliwa Kindu nchini Kongo, lakini alihamia mahali ambapo lugha na dansi vilimpokea. Hadi alipofariki dunia Desemba 2010, alikuwa mtu wa nyumbani.

Ogada alilazimika kuanza na wapita njia. Nyumbani Kenya alikuwa amekwisha kuwa mwanamuziki anayejulikana, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya African Heritage ya Nairobi. Jijini London alipiga nyatiti ya Wajaluo katika vituo vya treni za chini ya ardhi, akitegemea sarafu za abiria. Hapo hakuna mtu anayejua jina lako, na kila wimbo una sekunde chache za kumfanya mtu mwenye haraka asimame. Ni kutokana na kupiga huko ndipo alipojulikana kwa watu wa WOMAD, na njia ya kwenda studio ikafunguka.

Oryema alikaa bila nyumbani kwa muda mrefu kuliko wote. Baada ya Exile alitoa albamu nyingine, zikiwamo Beat the Border ya mwaka 1993 na Spirit ya mwaka 2000, na alizunguka katika majukwaa makubwa ya Ulaya na Amerika. Lakini kwa Waganda wengi, hasa vijana waliozaliwa baada ya Amin, alikuwa jina la kusikia tu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, naye alirejea Uganda na kupanda jukwaani Kampala Desemba 2016, karibu miaka 40 tangu alipotolewa ndani ya buti ya gari. Alifariki dunia Juni 22, 2018 huko Lorient, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 65.

YALIYOBADILIKA

Ipo hoja kwamba yote haya ni mambo ya kale. Leo kompyuta moja inaweza kufanya kazi iliyohitaji chumba kizima cha mitambo mwaka 1990, na wimbo uliorekodiwa Ngara unaweza kusikilizwa Oslo siku hiyohiyo kupitia intaneti. Tangu kuchipuka kwa Bongo Fleva, studio za Dar es Salaam zimethibitisha kwamba msanii hahitaji pasipoti ili sauti yake irekodiwe vizuri.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa mitambo. Kwa upande wa mengine, mabadiliko ni madogo. Mwaka 2018 Gabriel alieleza hadharani wasiwasi wake baada ya wanamuziki kadhaa walioalikwa WOMAD kushindwa kufika kwa sababu ya viza za Uingereza. Mwaka huohuo J.P. Bimeni, aliyeikimbia Burundi akiwa kijana, alitoa albamu yake ya kwanza, Free Me, kupitia kampuni ya Hispania, miaka mingi baada ya kukimbia. Foleni ya vibali na mashaka ya lugha bado viko palepale, na mikataba inaendelea kusainiwa bila kusomwa.

Kilichobadilika kweli ni nafasi ya kuchagua. Oryema hakuwa na uchaguzi, kwa kuwa kubaki Uganda mwaka 1977 kungeweza kumgharimu uhai. Kijana wa Murusagamba anao uchaguzi. Anaweza kurekodi nyimbo zake za mwanzo nyumbani, akazisajili, akazipima mbele ya watu wanaoelewa kila neno, katika harusi na mikutano ya kwao, na hata ng'ambo ya mpaka ambako Kihangaza chake kinaeleweka. Baada ya hapo, akialikwa kwenda mbali, atakwenda na kitu ambacho tayari ni chake.

Miaka 13 ya Oryema ilizaa albamu nzuri, lakini hiyo si sababu ya mtu kuitamani. Iligharimu baba, nchi na ujana wa mtu mmoja. Anayeisikiliza Exile leo, na kijana anayeota kuifuata njia hiyo, wanapaswa kuijua gharama hiyo kabla ya kuusifu utamu wake.